Kwaresima 2027 Jumapili kwa Jumapili: mwongozo kamili kutoka Majivu mpaka Mkesha wa Pasaka

Kwaresima haimshindi mtu siku ya kwanza. Jumatano ya Majivu kanisa linafurika mpaka watu wanasimama nje, kila mtu ana alama kwenye paji la uso na kila mtu ana mpango wake mkubwa. Ikifika wiki ya tatu hivi wengi wameshasahau kama kuna kitu kinaendelea, Njia ya Msalaba ya Ijumaa wanabaki wazee na watoto wa Kipaimara waliotishwa na katekista, wengine tunaonana nao tena Dominika ya Matawi wakitafuta pa kupaki. Mi naona shida sio imani ndogo, shida ni kwamba mtu hajui zile Jumapili za katikati zimebeba nini, kwa hiyo zinampita kama Jumapili nyingine tu. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga kwa Jumapili, na tarehe zake, na mambo ya kufanya wiki ile ile. Ni wa Kikatoliki kwa sababu ndo ninakosali, ila Waanglikana na Walutheri mtakuta mengi yenu humu humu.

Kwanza weka tarehe kwenye simu

Usisubiri matangazo ya kanisani. Pasaka inahamahama kwa sababu inafuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada ya hapo, utaratibu unaotokana na Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Ndo maana haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Kwa 2027 mwezi mpevu kwa hesabu ya Kanisa ni Jumatatu tarehe 22 Machi, kwa hiyo Pasaka ni Jumapili inayofuata, tarehe 28 Machi. Kutoka hapo rudi nyuma siku 46 unapata Jumatano ya Majivu, tarehe 10 Februari. Mapema kweli, Krismasi mtu hajamaliza hata kulipa madeni yake.

Mtu atauliza, 46 au 40? Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili haihesabiwi kwenye mfungo kwa sababu kila Jumapili ni Pasaka ndogo. Sasa hapa kuna ubishi wa kila mwaka, kwamba kama niliacha bia basi Jumapili naruhusiwa? Kisheria hakuna anayekukataza, ni sadaka uliyojipangia mwenyewe, ila kama Jumapili unafidia za wiki nzima basi hujaacha kitu, umehamisha siku tu.

Weka kwenye simu tarehe hizi na alamu za siku mbili kabla: Majivu 10 Februari, alafu Jumapili za Kwaresima ni 14, 21 na 28 Februari, 7 na 14 Machi, Matawi ni 21 Machi, Alhamisi Kuu 25, Ijumaa Kuu 26, Mkesha ni usiku wa Jumamosi 27, Pasaka yenyewe 28 Machi. Kama una ndugu Waorthodoksi wao wanafuata hesabu ya kalenda ya zamani, Pasaka yao 2027 ni tarehe 2 Mei, usimpigie simu ya hongera mwezi mzima kabla.

Kitu kingine, mwaka huo Ramadhani inaanza karibu na tarehe 8 Februari kutegemea mwezi ukionekana, yaani wiki ile ile ya Majivu, kama ilivyokuwa 2026. Mi napenda sana ikitokea hivi, mtaa mzima unafunga. Na kwa anayepika ni nafuu kubwa, maana mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, kunde, vyote vya futari havina nyama na vinapatikana kila kona jioni.

Kabla ya Majivu: wenye harusi na wenye matawi

Parokia nyingi hazifungishi ndoa Kwaresima, na Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndo kabisa usiulize. Kama kamati ya harusi imeshaanza kuchangisha hakikisheni mmeongea na Paroko kabla ya kulipia ukumbi, sio baada. Kwa 2027 ina maana ama mfunge kabla ya tarehe 10 Februari ama msubiri Aprili, na Aprili foleni huwa ndefu kwelikweli, tangazo la kwanza la ndoa mlipange mapema.

Yale matawi ya mwaka jana uliyochomeka nyuma ya mlango au juu ya picha ya Moyo Mtakatifu yapeleke parokiani wiki mbili kabla, ndo yanachomwa kuwa majivu. Usiyatupe jalalani, vimebarikiwa vile.

Kuchagua utakachofanya

Kanisa linataja vitu vitatu: sala, kufunga na sadaka. Chagua kimoja kimoja kwa kila upande, kidogo na kinachopimika. Mtu anayesema "Kwaresima hii nitakuwa mtu bora" hajasema kitu, Ijumaa ya kwanza tu hajui ameanguka au amesimama.

Kwa sala, nashauri usiongeze rundo la novena, zile sala za siku tisa. Soma Injili ya Jumapili inayokuja, kila siku, ile ile moja, wiki nzima. Ukifika kanisani Jumapili unaijua, na mahubiri yanaingia. Hii peke yake ndo inayozuia lile tatizo la kupotea katikati, kwa sababu kila wiki ina sura yake na unaisubiri inayofuata.

Kwa sadaka, tafuta kibubu. Cha mbao au hata kopo la maziwa lililotobolewa, weka sebuleni, kila siku ambayo umejinyima kitu weka ile hela humo, sio ubaki nayo mfukoni. Shilingi elfu moja kwa siku arobaini ni 40,000, na kwa familia ya watu wanne kila mtu akiweka 500 kwa siku inafika 80,000. Watoto wanapenda kutikisa kibubu. Parokia ikitoa bahasha za Kwaresima ndo hela utazihamishia kwenye bahasha mwishoni, au mkubaliane nyumbani mnampelekea nani, labda mgonjwa wa jumuiya au mtoto anayedaiwa hela ya mtihani. Kukubaliana kabla ni muhimu maana kibubu kisicho na jina la mtu huwa kinavunjwa wiki ya nne kununua gesi.

Kwa kujinyima, chagua kitu unachokitumia kweli. Aliyeacha sigara wakati havuti ametuchekesha tu. Siku hizi wengi wanaacha mitandao, ni sawa, ila weka masharti yanayoeleweka, mfano simu inazimwa bando kuanzia saa tatu usiku, sio "nitapunguza".

Jumatano ya Majivu na sheria za mfungo

Majivu sio siku ya amri kwenda Misa, lakini kufunga ni amri, watu wengi wanachanganya hapo, anakimbilia majivu asubuhi alafu mchana anakula kama kawaida na mishkaki juu.

Sheria ni hizi. Kufunga kwa maana ya kupunguza chakula ni siku mbili tu kwa mwaka mzima: Majivu na Ijumaa Kuu. Unakula mlo mmoja kamili, na unaruhusiwa vijimlo viwili vidogo ambavyo sio mlo kamili. Maji unakunywa. Inawahusu wenye miaka 18 mpaka wanapotimiza 59. Kuacha nyama ni siku hizo mbili pamoja na Ijumaa zote za Kwaresima, kuanzia miaka 14 na hapa hakuna umri wa kustaafu, bibi naye yumo kama afya yake inaruhusu. Kama jimbo lenu lina utaratibu wa ziada Paroko atawaambia.

Nyama ni nini? Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, na kuku ni nyama, nasema tena kuku ni nyama, na utumbo ni nyama. Samaki, dagaa, mayai, maziwa ni ruksa, kwa hiyo chipsi mayai inakuokoa ukiwa mjini. Supu ya makongoro usijidanganye kwamba ni maji ya moto. Na jamani samaki ni ruksa lakini yule sato mkubwa wa kukaanga wa bei ya kilo moja na nusu ya nyama, sheria hujavunja ila lile wazo la kujinyima umelikwepa. Maharage, kisamvu, mchicha wa nazi, dagaa wa Kigoma na ugali, imetosha.

Ijumaa ina mtego wake kazini, kuna ofisi Ijumaa ni pilau. Kula wali mweupe na kachumbari, au beba chakula kutoka nyumbani, usimfanye mpishi aanze kukupikia peke yako.

Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari wanaotumia dawa na wenye vidonda vya tumbo hawafungi, na wasijilazimishe kwa aibu ya jumuiya. Atafute kitu kingine cha kutoa. Anayebeba zege kutwa juani naye aongee na padre, sheria haikutungwa ili mtu azimie.

Kama upo kigangoni ambako padre hafiki siku hiyo, majivu yaliyobarikiwa huwa yanaletwa na mnapakwa kwenye ibada ya Neno. Maneno utakayoambiwa ni ama kukumbushwa kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi, ama tubuni na kuiamini Injili. Ukitoka kanisani hulazimiki kufuta wala kubaki nayo.

Sasa zile Jumapili

Masomo ya Jumapili yanazunguka miaka mitatu, A, B na C. 2026 ulikuwa A, 2027 ni B, Injili kubwa ni ya Marko ila Jumapili tatu za katikati anaingia Yohane. Rangi ni zambarau, hakuna Aleluya mpaka Mkesha wa Pasaka, na hakuna wimbo wa Utukufu mpaka Alhamisi Kuu (isipokuwa sherehe ya Mtakatifu Yosefu katikati hapo). Wanakwaya mnalijua hili, ila mpiga kinanda mpya mkumbusheni, kinanda Kwaresima ni cha kushikilia sauti za waimbaji, mikogo ya katikati ya nyimbo ipumzike, na maua altareni hayawekwi.

Jumapili ya kwanza, 14 Februari. Ndio, ni siku ya Valentino, pangeni wenyewe, Jumapili sio siku ya mfungo kwa hiyo mlo wa jioni mmeruhusiwa. Injili ni Marko 1:12-15, mistari minne tu, Yesu jangwani siku arobaini. Marko hatoi yale majaribu matatu kama Mathayo na Luka, anasema tu alijaribiwa na Shetani, alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu, na malaika wakamhudumia. Somo la kwanza ni Nuhu na upinde wa mvua. Wiki hii kazi ni moja, kutulia kwenye ratiba uliyojiwekea, usiongeze chochote hata ukijisikia una nguvu.

Jumapili ya pili, 21 Februari. Yesu anageuka sura mlimani, Marko 9:2-10, na somo la kwanza ni Ibrahimu na Isaka, Mwanzo 22. Jiandae, mtoto wa miaka minane atakuuliza mkiwa njiani kama na wewe baba Mungu akikwambia utanichinja. Usimjibu haraka haraka. Mwambie hadithi inaishia wapi, kwamba kisu kilizuiwa na kondoo alionekana kichakani, na kwamba watu wa nchi za jirani zamani walitoa watoto wao kweli, huyu Mungu akakataa. Ukimaliza hapo na wewe utakuwa umejisomea.

Jumapili ya tatu, 28 Februari, ndo ninayoipenda kuliko zote mwaka B na ndo ambayo kanisa linaanza kuwa na nafasi kwenye mabenchi. Somo la kwanza ni Amri Kumi zote, Kutoka 20, na Injili Yesu anapindua meza za wabadili fedha hekaluni, Yohane 2:13-25. Hapa ndo mahali pa kufanya kitubio, na sababu ni ya kiutendaji kabisa: amri kumi umesomewa, ndo karatasi yako ya kujichunguza hiyo. Jumapili jioni kaa na daftari, pita amri moja moja, usiandike majina ya watu, andika tu neno litakalokukumbusha, alafu katikati ya wiki nenda kaungame. Ukisubiri Juma Kuu utakuta foleni inazunguka kanisa, padre mmoja, waumini mia tatu, na kila mtu anapata dakika mbili. Wiki ya tatu padre ana muda wa kukusikiliza na hata kukushauri. Kama ni muda mrefu hujaungama mwambie padre mwanzoni kabisa kwamba ni miaka kadhaa na umesahau utaratibu, atakuongoza, wanakutana na watu hao kila siku. Lile daftari ulichane.

Angalizo: kama parokia yenu ina wakatekumeni watakaobatizwa usiku wa Pasaka, Misa yao Jumapili ya tatu, nne na tano inaweza kutumia masomo ya mwaka A, mwanamke Msamaria kisimani, kipofu wa kuzaliwa, na kufufuliwa kwa Lazaro. Kwa hiyo ukisikia Injili tofauti na uliyosoma nyumbani kitabu chako kiko sawa, hao ni wakatekumeni.

Jumapili ya nne, 7 Machi, ni Dominika ya Furaha, Laetare, jina linatoka kwenye antifona ya mwanzo, yale maneno ya kuanzia Misa, inayochukuliwa Isaya 66, furahini pamoja na Yerusalemu. Padre anaweza kuvaa waridi, na kila mwaka kuna mtu ananong'ona kwa nini leo Padre kavaa pinki. Maua yanarudi siku hiyo moja na vyombo vinaruhusiwa kupigwa. Injili ni Yesu na Nikodemo usiku, Yohane 3:14-21, na yule nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani. Nusu ya safari imepita, kwa hiyo leo baada ya chakula kaeni familia mjiulize mpango umefikia wapi. Uliovunjika uanze upya leo, usisubiri mwakani. Na ule ulioonekana mwepesi mno ongeza kidogo.

Wiki hiyo hiyo, kama tarehe 9 au 10 Machi hivi, ni Idi. Jirani atakuletea sahani ya pilau la nyama. Sio Ijumaa, kwa hiyo pokea kwa mikono miwili ule, na kama uliapa kuacha nyama Kwaresima nzima basi wape watoto, ila sahani usiirudishe tupu.

Jumapili ya tano, 14 Machi. Wayunani wanamwendea Filipo wakisema wanataka kumwona Yesu, naye Yesu anajibu kwa habari ya chembe ya ngano inayoanguka ardhini ikafa, Yohane 12:20-33. Kuanzia hapa parokia nyingi zinafunika misalaba na sanamu kwa vitambaa vya zambarau. Mtoto mdogo anaogopa, mwambie zitafunuliwa, msalaba Ijumaa Kuu na sanamu kabla ya Mkesha.

Na sasa habari njema ya mwaka 2027: tarehe 19 Machi, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa. Sherehe ikiangukia Ijumaa katazo la nyama linaondoka, ipo kwenye sheria za Kanisa kanuni ya 1251. Kwa hiyo wale wa kina Yosefu na Yosefina, ambao huyu ndo mtakatifu wa jina lenu, mnaweza kuchoma nyama na dhamiri safi, na Utukufu unaimbwa siku hiyo.

Kwa Walutheri, majina ya zamani ya Kilatini bado yapo kwenye kalenda za asili ya Ujerumani, Invokavit, Reminiscere, Okuli, Laetare, Judika na Palmarum, na kabla yake zile Jumapili za Septuagesima ambazo sisi Wakatoliki tuliziondoa kwenye marekebisho ya kalenda ya 1969.

Dominika ya Matawi

Tarehe 21 Machi. Fika mapema, maandamano huwa yanaanzia nje ya kanisa, kwa shule au kituo cha jirani, ukifika kanisani saa ya Misa utawakuta wanaingia. Injili ya mwanzo ni shangwe, Marko 11, na baada ya muda mfupi tu mnasomewa Mateso yote, sura ya 14 na 15, wasomaji watatu, na waumini ndo wanaopiga kelele za asulubiwe. Ni ndefu, wazee wakae, na pale Yesu anapokata roho mnapiga magoti kimya. Rangi ni nyekundu.

Ombi langu kwa vijana mnaotumwa kukata matawi: Pwani kateni kuti la pembeni, acheni kile kilele cha katikati cha mnazi. Ukikata kilele mnazi haurudi, unakufa, na mwenye shamba alikuwa anautegemea.

Juma Kuu, siku moja moja

Jumatatu mpaka Jumatano masomo yanamfuata Yuda akijiandaa kusaliti, nenda Misa ya alfajiri kama unaweza. Katikati ya wiki au Alhamisi asubuhi ni Misa ya Krisma kwenye kanisa kuu la jimbo, Askofu anabariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, anayaweka wakfu mafuta ya Krisma, na mapadre wote wanarudia ahadi zao mbele yake. Kwa hiyo siku hiyo ofisi ya parokia usitegemee kumkuta Padre. Ni Misa nzuri sana na walei wanaruhusiwa, watu hawajui tu.

Alhamisi Kuu, 25 Machi, Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana. Rangi nyeupe, Utukufu unaimbwa kwa kengele zote, alafu kengele zinanyamaza mpaka Mkesha. Padre anaosha miguu ya watu kumi na wawili, na tangu 2016 hata wanawake wanaruhusiwa kuwemo. Ukichaguliwa usivae soksi za kubana, na miguu uwe umeshaiosha nyumbani, tunachekeshana lakini ni kweli. Baada ya komunyo Ekaristi inahamishiwa pembeni, altare inavuliwa nguo, na kila jumuiya inapangiwa saa yake ya kuabudu, kwa kawaida mpaka saa sita usiku. Katibu wa jumuiya omba saa ya mwanzo kama mna wazee wengi, usafiri wa usiku unasumbua.

Ijumaa Kuu. Hakuna Misa duniani kote. Kufunga na kuacha nyama. Asubuhi Njia ya Msalaba ya barabarani, vituo 14, vaa viatu vya kutembea, beba maji ya kunywa na mwavuli kwa sababu Machi ama jua kali ama mvua za masika zimeanza. Saa tisa alasiri ibada: Mateso ya Yohane sura ya 18 na 19, maombi makuu kumi ambayo yanamtaja kila mtu mpaka wasiomwamini Mungu, kuabudu msalaba, na komunyo. Foleni ya kuabudu msalaba ni ndefu, kiongozi wa liturjia apange mistari miwili la sivyo mtatoka saa moja usiku. Sadaka ya siku hiyo inaenda Nchi Takatifu. Ni sikukuu ya kitaifa Tanzania, Kenya na Uganda, na baa zimefunguliwa, na mimi sisemi kitu.

Jumamosi Kuu mchana hakuna kitu kanisani, altare iko uchi. Wengi wanatumia siku hii sokoni na saluni, sawa, ila jitahidi uwe umemaliza saa nane ulale kidogo, usiku ni mrefu.

Mkesha

Kama una nafasi ya kwenda ibada moja tu mwaka mzima nenda hii. Inaanza giza likiingia kabisa, na moto nje. Padre anauchora Mshumaa wa Pasaka msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, 2 0 2 7, anachomeka punje tano za ubani, kisha mnaingia kanisa lenye giza na mwanga unapita mshumaa kwa mshumaa. Mbiu ya Pasaka inaimbwa. Masomo ni tisa ukihesabu Waraka na Injili, yanaweza kupunguzwa, lakini la Kutoka 14, kuvuka Bahari ya Shamu, haliachwi kamwe. Baada ya masomo ya Agano la Kale taa zinawaka, kengele zinarudi, na baadaye Padre anaanzisha Aleluya, kuna watu wazima wanalia hapo.

Vya kubeba: mshumaa wako, kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa katikati ili nta isikuunguze vidole wala kumdondokea wa mbele yako (hasa akiwa na wigi au kitenge), chupa ya maji ya kubarikiwa, sweta la mtoto na kanga ya kumlaza. Kubalianeni na bajaji kabla, saa nne au tano usiku mkitoka wote mnatafuta usafiri kwa pamoja na bei inapanda. Wa vigangoni, mara nyingi Mkesha unafanyika parokiani tu, ulizeni mapema kama kuna gari na nani ana nafasi ya kuwalaza.

Aliyehudhuria Mkesha ametimiza Misa ya Pasaka, sio lazima arudi asubuhi. Ila Wamoravian alfajiri hiyo hiyo wana desturi yao ya kukusanyika makaburini kungoja jua, ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na kama una rafiki wa Rungwe au Mbeya muombe akualike.

Baada ya hapo

Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko, tiketi ya basi ya kurudi ikatwe mapema maana Jumanne kila mtu yuko kazini. Kibubu kivunjwe mbele ya watoto, hela ihesabiwe, na iende kwa yule mliyemtaja mwezi wa pili, wiki hiyo hiyo. Pasaka inaendelea siku hamsini mpaka Pentekoste, tarehe 16 Mei, na Ijumaa ndani ya ile wiki ya kwanza ni kama Jumapili, nyama ruksa. Tarehe 4 Aprili ni Dominika ya Huruma ya Mungu. Na kwa kuwa tarehe 25 Machi imeangukia Alhamisi Kuu, sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria inahamishwa mpaka Jumatatu tarehe 5 Aprili, kwa hiyo usishangae ukienda Misa ya asubuhi siku hiyo ukamkuta malaika Gabrieli.